Leo Milimita Ngapi

Dada Mkubwa alikuwa na sheria moja kuhusu wagonjwa, na aliisimamia kama askari wa zamu: mgonjwa haambiwi habari mbaya. Kila ilipokaribia saa ya kuona wagonjwa, aliwapanga wenzake nje ya wodi akawakagua nyuso. Mwenye uso uliokunjamana alitakiwa aukunjue. Mwenye lake la kulalamika alitakiwa aliache pale pale kwenye benchi, atalichukua akitoka.

"Mle ndani ni furaha tu," alisema. "Tumeelewana?"

Mama Pacha aliitikia. Angefanya nini? Huyu alikuwa wifi yake, dada wa kwanza wa mumewe, mwanamke aliyelea wadogo zake akiwa yeye mwenyewe bado wa kulelewa, na tangu siku hizo hajawahi kushindwa ubishi. Nyuma yao alisimama Mdogo, ndugu wa mwisho, fundi kama kaka yake lakini mpole wa kupitiliza. Siku hiyo alikuwa amechanwa na msumari kiganjani, na alikuwa ameficha mkono mfukoni ili mgonjwa asije akauliza.

Mgonjwa mwenyewe alilala kitanda namba saba, dirishani. Mtaa mzima ulimwita Milimita, maana alikuwa seremala wa milango asiyekubali neno "karibu". Ukimwambia mlango umekaribia kukaa, alikuuliza umebakiza milimita ngapi. Aliwahi kumrudisha mke wake dukani na pazia kwa sababu lilipungua nusu kidole, na mwenye duka hadi leo akimwona Mama Pacha hujifanya anaongea na simu. Sasa ilikuwa siku ya tisa tangu mguu wake wa kushoto ukatwe chini ya goti. Kisukari hakikumwachia nafasi ya kubishana.

Waliingia na furaha yao. Dada Mkubwa alianza: karakana inakwenda kama kawaida, wala hakijaharibika kitu. Mdogo akafuatia: ile milango ishirini na minne ya shule imeshamalizika, kaka, wewe pumzika. Mama Pacha naye akachangia kwamba nyumbani kila kitu kiko sawa, pacha wako bweni wanasoma vizuri, hata lile bomba la uani lililomtesa miaka mitatu limetengenezwa na jirani kwa dakika tano.

"Sawa," alisema Milimita.

Dada Mkubwa aliwageukia wenzake kwa ushindi. Lakini neno hilo lilimkera Mama Pacha. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakumbuki kusikia mumewe akisema sawa bila kuongeza "lakini". Kabati la kando ya kitanda lilikuwa na mlango ulioning'inia kwa bawaba moja, na mtu huyu alikuwa amelala nao siku tisa bila kuulizia bisibisi.

Kabla ya kengele, Milimita aliingiza mkono chini ya mto akatoa futi yake ya kupimia, ile ya chuma iliyofutika namba za mwanzo kwa kushikwa. Akampa Mdogo.

"Chukua. Iwe yako."

"Nitakurudishia ukitoka, kaka."

"Nimesema iwe yako." Kisha akamwuliza mkewe, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama hati ya kiwanja bado iko kwenye sanduku la bati, na kama pacha wanajua ilipo.

Kule nje Dada Mkubwa alijifuta macho. Alisema maradhi yamemkomaza kaka yao, tazama alivyo na roho nyeupe siku hizi, mtu aliyekuwa hamwazimi hata mkewe futi. Mdogo aliigeuzageuza ile futi mkononi, hana raha nayo.

*

Ukweli wa ile milango ishirini na minne ulikuwa umeegemea ukuta wa karakana, umefunikwa turubai.

Mama Pacha aliukuta alasiri ile ile, alipopita kuchukua vumbi la mbao la kuwashia jiko. Aliinua turubai akadhani ni mzigo wa mtu mwingine. Ilikuwa milango mizuri, yenye paneli mbili za mbao kila mmoja kama alivyozoea kuipanga Milimita, isipokuwa miwili ya mbele, iliyokatwa upande mmoja ikawa kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa.

Mdogo alikaa juu ya benchi la kazi, akaeleza huku anaangalia miguu yake. Alikuta vipimo vyote kwenye daftari la kaka yake. Akakata kama vilivyoandikwa, akaunga, akatia gundi, akapeleka shuleni kwa mkokoteni. Hakuna hata mmoja ulioingia. Ilikuwa mipana kuliko fremu kwa zaidi ya upana wa kiganja.

"Hukupima fremu kwanza, shemeji?"

Mdogo alimtazama kama amesikia matusi. Katika karakana ile kulikuwa na mwiko mmoja, na kila aliyewahi kufagia humo aliujua: Milimita akishapima, hapimi mtu tena. Kumpimia juu ya kipimo chake ilikuwa ni kumwambia mwongo. Kwa hiyo Mdogo alilifuata daftari kwa imani. Alichokuwa hajui, na hakuna aliyekijua kwa kuwa hakuna aliyewahi kukihitaji, ni kwamba kaka yake aliandika upana wa tundu la ukuta peke yake. Unene wa fremu, nafasi ya bawaba, nafasi ya mlango kupumua wakati wa mvua, vyote hivyo alivitoa kichwani akiwa ameshika msumeno. Daftari lilikuwa nusu ya hesabu. Nusu nyingine ilikuwa imelala kitanda namba saba.

Mdogo alijaribu kuipunguza miwili, ikaharibika. Mwalimu mkuu alimpa siku kumi. Alimsema mbele ya walimu na watoto wa darasa zima, akamwuliza kama alijifunza useremala kwa barua. Mdogo alikuwa amelimeza hilo siku ya nne sasa, na kila siku saa saba mchana alikwenda hospitali kusema milango imemalizika.

"Dada anajua?"

"Anajua. Kasema nikimwambia kaka, mguu wa pili utakatwa kwa presha."

*

Kesho yake Mama Pacha alifika mapema, akamkuta Milimita hayuko kitandani. Jirani wa kitanda namba nane, mzee aliyefungwa bandeji kichwa kizima, alimwelekeza kwa kidevu: chooni.

Choo cha wodi ile kilikuwa na mlango usiofungwa. Ulijiegesha, halafu ukafunguka wenyewe taratibu kama mbea. Mwenye mguu mmoja, aliyesukumwa hadi mle kwa kiti cha magurudumu, alilazimika kuushikilia kwa gongo huku akijisaidia, na gongo likiteleza, mlango ulimwonyesha kwa wodi nzima. Ndivyo Mama Pacha alivyomkuta. Wageni wa kitanda namba tatu walikuwa wamegeuza nyuso ukutani kwa adabu. Alikimbia akaushika mlango kwa mgongo wake, akasimama hapo, anautazama ukuta wa mbele.

"Nisamehe," alisema Milimita kutoka ndani. Alisema hivyo mara mbili. Mama Pacha hakuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa kosa la mlango.

Alipomrudisha kitandani, yule sista mnene wa zamu ya asubuhi alikuja na fomu yake. Fomu hiyo Mama Pacha alishaiona ikijazwa na masista wengine: maumivu, usingizi, hamu ya kula, na swali moja la mwisho lililowekewa alama ya "hapana" kwa wagonjwa wote, kalamu ikiwa tayari inaelekea kitanda kingine. Sista huyu alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na labda ndiyo maana hakuwa na haraka. Alimwomba Mama Pacha asubiri nje, akavuta pazia, akavuta na kiti.

Alikaa mle robo saa nzima. Dada Mkubwa na Mdogo walifika wakamkuta Mama Pacha amesimama kwenye korido, wakasimama naye. Sista alipotoka hakuwa na tabasamu wala hakuwa na uso wa msiba. Alimshika Mama Pacha mkono akampeleka hadi mwisho wa korido, kwenye dirisha.

"Mama, nakwambia jambo zito na nataka ulisikie lote kabla hujalia. Nimemuuliza mumeo kama amewahi kuwaza kujiua. Amesema ndiyo."

Mama Pacha alishika kingo za dirisha.

"Nikamuuliza kama amepanga lolote. Akasema bado. Hiyo 'bado' ndiyo iliyonileta kwako. Nimeshampigia daktari wa akili, anakuja leo hii. Na kuanzia sasa hatabaki peke yake, mchana wala usiku."

"Mbona umemuuliza hivyo, sista? Si utamtia wazo?"

"Wazo alikuwa nalo tangu wiki iliyopita. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza. Nilipomuuliza, alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia."

Kisha Sista alianza kuuliza yeye. Je, anajua mumewe halali? Hakujua, akija humkuta amefumba macho. Je, anajua maumivu ya mguu ule uliokatwa, maana uliokatwa nao huuma, hayajawahi kutulia, na mumewe hasemi kwa sababu amesikia wodi ina upungufu wa dawa, hataki kuwa mzigo? Hakujua. Je, zamani amewahi kuingia kwenye giza kama hili? Hilo alilijua. Karakana ya kwanza ilipoungua, pacha wakiwa wachanga, Milimita hakusema neno kwa miezi miwili. Walisema amechoka. Walimwambia ajikaze kisabuni, na baadaye akaanza kusema tena, wakasahau.

"Maumivu, kukosa usingizi, kiungo kilichokwenda na kazi yake, na giza la zamani," alisema Sista. "Hivyo vyote navikuta kila siku humu, mama, na mara nyingi hatuvioni kwa sababu tunatibu kidonda peke yake. Lakini mumeo kaniambia na kingine. Kasema amejua sasa kwamba mambo yote yanakwenda vizuri bila yeye. Hata bomba. Kasema hakuna atakayepungukiwa. Nani aliyemwambia maneno hayo?"

Mama Pacha aliangalia kule walikosimama wenzake. Dada Mkubwa alikuwa anamfuta Mdogo vumbi begani, anamkunjua uso.

"Sisi," alisema. "Sote. Kila siku, saa saba."

*

Ugomvi ulifanyika kwenye benchi la nje, kwa sauti ya chini, kama ugomvi wote wa hospitali.

Dada Mkubwa hakuamini. Alisema watu wa ukoo wao hawana mambo hayo. Alisema sista ni mzee, labda amesikia vibaya. Mama Pacha alipomkumbusha ile futi na ile hati ya kiwanja, wifi yake alikusanya nguvu upya. Sasa kumbe ndiyo kabisa asiambiwe habari za milango. Mtu mwenye mzigo huo moyoni, wewe umwongezee milango ishirini na minne?

"Mgonjwa haulizwi uji, wifi. Unampa anywe."

"Tumempa uji wa uongo wiki nzima," alisema Mama Pacha. "Umemsonga."

Hakuwahi kumjibu wifi yake hivyo. Alishangaa kwamba paa la hospitali halikuanguka. Kwa kuwa halikuanguka, aliendelea. Alisema hatamdanganya tena mumewe hata kwa jambo la ukubwa wa njugu. Atamwambia habari za milango, atamwambia kwamba bomba la uani limeanza kuvuja tena tangu juzi, atamwambia kwamba yeye mwenyewe halali. Na kama hilo ni kosa, basi litakuwa kosa lake, asisingiziwe mtu.

Alikwenda kumuuliza Sista kwanza, maana hakuwa mjinga. Sista akamuuliza daktari wa akili, kijana mwembamba aliyekuwa ametoka kukaa na Milimita saa nzima. Daktari alisema shida ya milango si dawa, wasije wakadhani ni dawa. Dawa ameiandika, na maumivu yataanza kutibiwa leo, na yeye atarudi keshokutwa na baada ya hapo kila wiki. Wala wasimtwike mgonjwa lawama. Lakini kama mtu anaaminishwa kwamba hana kazi duniani na wakati huo huo watu wake wanahangaika kwa kukosa maarifa yake, basi huo si upole. Mwambieni kwa utulivu, alisema, na kaeni naye mkishamwambia.

*

Mlinzi wa getini alikuwa na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuingizwa wodini. Chakula kiliruhusiwa, na nguo safi, na matunda yaliyooshwa. Aliisoma mara mbili, akamtazama Mdogo aliyekuwa amebeba mlango mgongoni, akaisoma tena.

"Huu ni wa nini?"

"Wa mgonjwa," alisema Mama Pacha.

"Mgonjwa ameagiza mlango?"

"Hajaagiza. Ni wake."

Mlinzi aliinama akaangalia nyuma ya mlango, pengine mtu amejificha. Alikiri kwamba katika orodha hakuna mahali milango imekatazwa, ila alikuwa na watoto wa kusomesha, hakutaka kufukuzwa kazi. Ilibidi Sista aitwe, aje na viatu vyake vinavyolia, aandike kwenye daftari la geti: "Mlango mmoja. Matibabu." Akatia sahihi.

Milimita alikuwa ameketi. Dawa mpya ya maumivu ilikuwa imempa usingizi wa kwanza wa kweli, na uso wake ulikuwa umevimba kidogo kama wa mtoto aliyeamshwa. Aliuona mlango ukiingia wodini kwa upande. Aliona wagonjwa wote wakigeuza vichwa. Aliufuata kwa macho hadi ulipoegemezwa mbele ya kitanda chake.

Mama Pacha aliketi kitandani, pale ambapo mguu ungekuwa. Hakupanga maneno. Alisema walimdanganya. Milango yote ishirini na minne haikuingia. Mwalimu mkuu amemtukana Mdogo mbele ya watoto, na zimebaki siku tano.

"Na mimi sista ameniambia ulichomwambia," aliendelea. "Sijaja kukugombeza. Nimekuja kukuambia kwamba tulisema mambo yanakwenda bila wewe na hayaendi. Mimi siendi. Ungeniacha na nini, Baba Pacha? Na bomba?"

Mzee wa kitanda namba nane alijifanya amelala, vibaya sana.

Milimita alinyoosha mkono akapitisha kidole gumba kwenye ule upande uliokatwa. Alipitisha tena. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Nani kakata hivi?"

"Mimi, kaka," alisema Mdogo.

"Kwa nini umekata pembeni? Mlango unakatwa pembeni? Hii ni mikate?" Sauti ilipanda. Sista alinyanyua kichwa mezani kwake, lakini hakuingilia. "Na kwa nini hukupima fremu?"

"Ulishapima wewe."

"Nilipima ukuta! Nani alikwambia naandika mlango? Hivi unadhani fremu inakaa hewani?"

Alisema kwa muda. Alimsema Mdogo, akalisema daftari, akamsema mwalimu mkuu ambaye fremu zake ziliwekwa na mwashi asiyejua wima ni nini. Mama Pacha alilia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu huyu alimjua. Huyu ndiye aliyemrudisha dukani na pazia.

Kisha Milimita akachoka, akaegemea mto. Akasema kwa sauti ndogo kwamba gundi yao ni ile ya maji. Waichukue milango ishirini na miwili iliyobaki, wafungue maungio kwa maji ya moto, wasiguse nguzo za pembeni hata kidogo. Wakate vipingo vya kulala vilivyo kati ya nguzo, na kila paneli ya mbao ipungue sawa na mwenzake. Vipimo vya kukata atavitoa yeye, fremu moja moja, Mdogo akapime zote leo akamletee. Miwili iliyoharibika iwekwe stoo, na shule itengenezewe mipya miwili.

"Nipe futi," alisema.

Mdogo aliitoa mfukoni haraka kama kitu kilichokuwa kinamuunguza. Wakati huo ndipo walipogundua kwamba Dada Mkubwa yumo ndani, amesimama miguuni pa kitanda, uso haujakunjuliwa hata kidogo.

"Nilidhani nakupunguzia mzigo," alisema.

"Ulikuwa unanipunguza mimi, dada," alisema Milimita. Hakusema kwa hasira. Alimshika mkono, na mwanamke yule ambaye hajawahi kushindwa ubishi alikaa chini, juu ya ndoo ya maji iliyogeuzwa, akalia mbele ya wodi nzima bila kumuuliza mtu kama anaruhusiwa.

Kabla ya kengele kulia, Milimita alimtuma Mdogo na bisibisi kwenye mlango wa choo. Kitasa kilikuwa kimekosea milimita nne tu.

*

Milango iliingia shuleni siku mbili baada ya zile kumi kwisha, na mwalimu mkuu alipata la kusema, lakini aliifungua na kuifunga yote ishirini na minne na hakupata pa kulisemea. Pacha waliambiwa kila kitu. Walikuja na lawama zao zote za kuachwa gizani, na walizisema, na nyumba haikubomoka.

Nisikudanganye kwamba giza liliondoka. Daktari aliwaambia mapema kwamba halitaondoka kwa siku moja, na hakuwa mwongo. Sista, siku ya kuruhusiwa, aliwafundisha namna ya kuuliza. Sifuri mpaka kumi, alisema, sifuri ni siku nzuri, kumi ni mbaya kabisa. Milimita alikataa. Alisema kumi ni kipimo cha kupimia mahindi. Wakabishana, mpaka Sista akatoa rula fupi ya shule mfukoni akamwambia basi chukua milimita zako, hamsini, ila tupatane. Mpaka ishirini, fanya kazi zako. Ikipita ishirini, kaa chini na mtu, useme. Ikipita thelathini, njoo hospitali siku hiyo hiyo, hakuna ubishi.

Aliwahi kusema thelathini na moja. Ilikuwa mwezi wa pili tangu atoke, siku aliyoanguka na magongo mbele ya wateja. Mama Pacha hakumwambia ajikaze. Alifunga karakana, Dada Mkubwa akabeba mkoba, wakaenda. Alilazwa siku nne, dawa ikabadilishwa, akarudi.

Asubuhi hii alikuwa karakanani, amekaa kwenye kiti kirefu alichojitengenezea, kiti chenye mahali pa kuegemeza kisigino kimoja na ndoana ya magongo. Penseli sikioni. Kwenye daftari jipya, Mdogo alikuwa anaandika hesabu yote kwa urefu wake, na juu ya kila ukurasa Milimita alimlazimisha aandike: pima tena. Mama Pacha alileta chai, akaweka kikombe mbali na msumeno.

"Leo milimita ngapi?"

Alifikiri. Hakujibu hili kwa haraka kamwe.

"Tisa," alisema.

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, akageuka kwenda zake. Kulikuwa na nguo za kufua, na bomba, na pacha mmoja anahitaji viatu, na usiku alikuwa ameamka mara tatu kusikiliza kama mumewe anapumua, kama afanyavyo kila usiku tangu hospitali.

"Mama Pacha."

"Abee."

"Na wewe?"

Alisimama mlangoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sista hakumuuliza, daktari hakumuuliza, wala yeye hakujiuliza. Jibu la mdomoni lilikuwa tayari, lilikuwa limekaa pale miezi yote: mimi mzima, mimi sifuri, pumzika.

"Ishirini na mbili," alisema, akashangaa alivyosikia sauti yake.

Milimita alitoa penseli sikioni akaiweka chini. Akamwambia Mdogo akapime ule mlango wa nje, na akimaliza aupime tena. Kisha akainama kwa shida, akavuta kigoda kutoka chini ya benchi, akapangusa vumbi la mbao kwa kiganja.

"Imepita ishirini," alisema. "Kaa."

Akakaa.